Kibuyu cha Saa Nne

Guerda, uko? Usinipigie, nimejifungia chooni kazini. Soma tu.

Unaijua ile chai ya kibuyu ninayokusifia kila siku? Saa nne, sisi saba tumekaa juu ya matenga ya mashuka ya hoteli, kibuyu kimoja, mrija mmoja, kila mtu na zamu yake? Niliyokwambia ndiyo inayonishikilia hapa Montevideo?

Leo kaja msichana mgeni, Yanina, kakaa pale mwisho, mahali pangu pa siku zote. Kwa hiyo mimi nikapata zamu ya pili. Shoga, ya moto! Chungu kama shubiri, na ina povu! Nikauliza, "Leo mmeweka nini humu?"



Nélida, mwenye birika, akasema, "Hatujaweka kitu. Ndivyo ilivyo."

Yanina akashangaa, "Kwani yeye huwa mnampa nini?"

"Makapi yaliyopoa," Nélida akamjibu.

Makapi, Guerda! Akaendelea, "Huku ukimpa mtu kibuyu kilichopoa, unamwambia hatukutaki. Miezi minane tunamfukuza, na yeye anashukuru! Juzi kanibusu shavu!"

Na ni kweli nilimbusu.

Walicheka mpaka mmoja akaanguka kwenye tenga. Nélida akafuta machozi, akaniuliza, "Haya mama, sasa umejua. Kesho nikupe ipi?"

Ubaya wenyewe ni huu, shoga yangu. Ile ya moto iliniunguza ulimi, wala sikuipenda. Mdomo ukatangulia akili.

Nikasema, "Nipe ile yangu ya baridi."