Sakafu ya Kanisa ni Yangu

Jumamosi, 5 Aprili 1975
Sikusiriba leo. Miaka kumi na moja, kila Jumamosi asubuhi, ni mimi na mavi ya ng'ombe, majivu na maji, magoti chini, sakafu nzima ya kanisa. Leo nimefika na ndoo, ndani watu wamejaa wanaimba. Ni hawa waliohamishiwa kijijini kwetu kutoka mlimani. Kanisa lao limebaki huko juu, wazee wetu wamewakaribisha kwetu. Wao wanasali Jumamosi, sisi Jumapili. Jumamosi hawagusi kazi, kwa hiyo wanasiriba Ijumaa. Anayesiriba ni Mama Robi. Nimerudi na ndoo yangu nyumbani kama mjinga.

Jumapili, 6 Aprili
Watu wameisifu sakafu. Mume wangu naye! Eti imenyooka kama meza. Miaka kumi na moja hajawahi kuniambia hivyo. Ugali wa jioni nimeupika bila kumsemesha.

Jumanne, 8 Aprili
Darasa la watu wazima. Mwalimu anataka tuandike kila siku tunachokiona, hata kidogo. Mimi namwona Mama Robi. Anakaa mbele yangu. Mwandiko wake nao mzuri. Amenisalimia vizuri, akauliza majivu natoa wapi. Nikamjibu jikoni, nikageuka.
Nina wivu. Haya, nimeandika.

Jumamosi, 12 Aprili
Nimengoja watoke wote kanisani. Jioni, mawingu mazito. Nimesiriba juu ya kazi yake, kutoka mimbarini mpaka mlangoni. Kidole changu cha mwisho, kile kilichokatwa na jembe kikabaki kimepinda, kimeniuma sana. Nimefurahi hata hivyo. Kesho watasali juu ya kazi ya mkono wangu.

Jumapili, 13 Aprili
Mvua usiku kucha. Sakafu haikukauka. Mwinjilisti wetu alipiga magoti na suruali nyeupe, akainuka na magoti ya kijani. Vitenge vya akina mama, vyote hivyo hivyo. Watoto walicheka mpaka wakatolewa nje.
Wazee wakasema ni wale wa Jumamosi. Ni Mama Robi, kazidisha maji. Akaitwa aje aione. Nilikuwa nimeketi pale pale. Sikufungua mdomo.

Jumatano, 16 Aprili
Mzee Nyamhanga, mkubwa wa wazee wetu, amepita nyumbani. Mama Robi ameambiwa asiguse tena sakafu. Narudishiwa mimi. Na wale wa Jumamosi wakiharibu tena, watafute pao pa kusalia.
Nimepata nilichotaka. Uji wangu nimewamwagia kuku.

Ijumaa, 18 Aprili
Nilitoka na ndoo kwenda kanisani. Miguu ikanipeleka kwa Mama Robi. Nilimkuta anapepeta ulezi. Akanipa kigoda, sikukaa.
"Ile ya Jumapili niliisiriba mimi," nikamwambia.
"Najua, mama. Waliponiita niliona. Kidole chako kimoja hakilali chini, kinaacha mstari."
Nikamuuliza mbona alinyamaza. Akasema wao wamekuja juzi tu. Mgeni akimtaja mwenyeji, nani atamsikiliza? Wakifukuzwa, watu wake watasalia wapi na mvua hii? Akaendelea kupepeta.
Sikusiriba. Nimerudi nalia njiani, mchana kweupe.

Jumapili, 20 Aprili
Baada ya matangazo nimesimama, nikawaambia wote. Mume wangu alitazama viatu vyake. Mzee Nyamhanga alikohoa. Akasema wenzetu wa Jumamosi tutawaomba radhi, Mama Robi aendelee na sakafu, mimi nipumzike.
Nipumzike. Mimi.

Ijumaa, 25 Aprili
Nimemchotea Mama Robi maji, ndoo mbili. Alianzia mimbarini. Alipokaribia mlango akanyoosha mgongo, akasogea pembeni. Kipande cha mwisho, hapo kizingitini, akaniachia.
Nimekisiriba. Mstari wa kidole changu upo pale. Kazi yake ni nzuri kuliko yangu. Bado inaniuma.