Wanasema Wameridhika, Vitanda Vitupu

Mpendwa Etiye Shewaye, naomba msaada wako dada yangu, nimekwama. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi hapa Jimma, nasomea shahada ya pili, na utafiti wangu unauliza kwa nini akina mama wakishajifungua wanatoroka kabla hatujawaruhusu, maana mmoja alivuja damu njiani tukampoteza na mpaka leo inaniuma, basi nikaanza na dodoso, nimevaa koti langu jeupe, kila mama akajibu ameridhika, Mungu awabariki, na jioni kitanda kitupu, ndipo nikawafuata majumbani, nikakaa nao wakikaanga kahawa, na tulipofika kikombe cha tatu mmoja akacheka, "We dada, ningekwambiaje usoni? Genfo, uji mzito wa mzazi uliojaa siagi, huliwa nyumbani majirani wakinishangilia. Kwenu nililazwa kama mgonjwa, na mimi nimezaa!"

Etiye, siku ile nilijivunia uuguzi wangu! Lakini msimamizi wangu, Dokta Getahun, amesema, "Hizi soga za jikoni, Wubit. Niletee dodoso mia nne au usilete kitu." Alhamisi natetea pendekezo langu. Nimfuate tu nihitimu?

Wubit, Jimma, Ethiopia

Wubit mdogo wangu, hongera, tena kwa sauti! Mama akikucheka hivyo, ujue amekuamini. Sasa acha kulialia. Getahun si adui yako. Yeye anaamini ukweli upo tu, unasubiri kupimwa, na mpimaji akae mbali. Wewe unaamini ukweli huu umo katika maisha ya huyo mama, na hutoka mkikaa pamoja. Kila mmoja kachagua njia kwa jinsi anavyouona ulimwengu, ila hamjaambiana hilo, mnagombania karatasi. Liandike waziwazi mwanzoni kabisa.

Na wewe punguza maringo! Bila kuhesabu vitanda vitupu ungejuaje kuna tatizo? Halafu wewe ni muuguzi wa hapohapo. Umemtafuta mama aliyetoroka kwa sababu yako wewe? Nenda kesho. Muulize, nyamaza, andika hata akikusema vibaya.

Alhamisi usiombe radhi. Waambie swali lako ni kwa nini, na hilo linataka kusikilizwa kwanza. Dodoso la Dokta lije baadaye, litungwe kwa maneno ya akina mama wenyewe. Wakikukatalia, rekebisha, rudi tena. Wiki ijayo kuna mama atajifungua wodini kwako, atawashukuru nyote, atasema ameridhika, kisha atatafuta viatu vyake. Huyo ndiye unayekwenda kumtetea.