Aziza Yumo Ndani ya Diski

Jumatatu, mwezi nane Shaabani

Uji nimekunywa. Paka wamepigana darini, nimewatupia ndara. Nikawasha kompyuta nimtizame Aziza, kama kila asubuhi. Kioo cheusi, maandishi meupe, basi. Nikazima, nikawasha. Vivyo hivyo. Nikaisomea Ayatul Kursi. Vivyo hivyo.

Nasemea simu haya. Kalamu sijui kushika.

Aziza ni mwanangu, alikufa uzazini. Hakupenda kupigwa picha. Iliyobaki ni video ya harusi yake, wanawake peke yao, nyele wazi, mabuibui yametundikwa. Watu waliniomba nakala. Nilikataa katakata, niliwaahidi wale wanawake mwanamume hataiona. Ikitoka nyumbani itazunguka Lamu nzima, wanaume wakitizama wake za watu. Basi iko humo tu, peke yake.

Jumanne, mwezi tisa

Nimemwita Bwana Athmani, fundi. Nimeketi kando yake na leso mkononi, uso wa mwanamke ukitokea nifunike kioo. Haukutokea hata ukucha. Akataka kutia Windows upya. Ikamwambia haioni diski.

"Diski imekufa, Bi Zena."

"Imekufa vipi, nami naisikia yavuma?"

"Hata mgonjwa huvuma, Bi."

Asema niitupe, nitie mpya. Nimemfukuza. Mahamri yangu alikuwa ameshakula.

Alhamisi, mwezi kumi na moja

Jana simu sikuisemea. Nililia tu. Sauti yake yanipotea. Naikumbuka akicheka, akisema siikumbuki. Naogopa. Naogopa sana.

Mwalimu Mercy, mpangaji wangu wa juu, ameshuka. Mtu wa bara, Mkristo, afundisha kompyuta. Auliza mbona siku hizi hasikii chini vugo la video, ile pembe ya ngoma ya harusi. Mimi huyu, nimehangaika na mwanamume, na mwanamke yuko juu ya kitwa changu!

Ameifungua kompyuta. Ndani mna betri ndogo kama ya saa. Imekufa, chumvi ya hapa haisazi kitu. Betri ilipokufa, kompyuta ikasahau ndia yake ya kusema na diski. Na ile Windows mpya haina draiva ya kuifikia.

"Draiva ni kama mkalimani, Bi. Diski iko na inaongea, ila hakuna wa kutafsiri."

Hajafa. Nimesema alhamdulillahi mpaka koo likakauka.

Ijumaa, mwezi kumi na mbili

Ametia draiva kwa flashi. Diski ikaonekana! Athmani, alokuja kuchungulia mlangoni, akapiga ukelele, "Sasa bonyeza next, itie hapo hapo!" Mwalimu akaruka. Asema Windows ingetiwa hapo, vyote vingefutika. Kidole kimoja tu.

Sasa hataki kugusa tena mpaka atoe nakala. Na moja isikae nyumba hii. Nimemwambia hapana. Akafunga, akapanda juu. Sikuweza kula. Nikimzuia, nitampoteza Aziza. Nikimruhusu, nimevunja ahadi kwa wanawake wote wale.

Jumamosi, mwezi kumi na tatu

Nimepanda ngazi mwenyewe, magoti yakilia. Nimemwambia toa.

Alitoa mbili. Akatia betri mpya, akairudishia kompyuta ndia yake ya kale, ikawaka. Haikuhitaji Windows mpya hata kidogo. Athmani!

Nakala moja nimeifunga kwa pembe ya leso, nimempa akaifungie kazini kwake. Nimemwambia mwanamume asiione.

"Hata mume wangu hataiona, Bi."

"Huna mume."

"Ndiyo maana naahidi."

Nimecheka. Sikumbuki nilicheka lini.

Jumapili, mwezi kumi na nne

Uji. Paka kimya. Nimewasha.

Hina mpaka magotini. Asumini nyeleni. Vugo lalia, wanawake wapiga vigelegele, mimi napita na sinia la pilau, mwembamba, sijijui. Yeye ainua mato, aniita nije kwake.

"Mama, ndoo uketi kando yangu."

Nimevuta kiti.