Basma Jumaa: Jumamosi Utasikika Tena

Mwaka umetimia, mpenzi wetu Basma, tangu Ijumaa ile tulipokusindikiza kwenye makaburi ya Mtongwe.

Waliokupenda wengi hawakuujua uso wako. Ulitoka nyumbani umejifunika, ukavuka kwa feri Likoni kwenda studio ya Nyali, na kwa miaka minane ukawa sauti ya Kiswahili ya mwigizaji mmoja wa Uhispania, Nuria Belmar. Katika filamu na tamthilia zake Nuria aliigiza mtawa, mwizi wa benki, jaji, mjane tajiri, muuza samaki. Kila alipobadilika yeye, nawe ulibadilika. Kwenye daftari lako ulitia alama ya penseli kila pahali alipovuta pumzi. Tulipokucheka, ulitujibu taratibu, “Mtawa hapumui kama mwizi.”

Dukani kwa Judy hukununua nazi kwa amani. Ukisema neno moja tu, alikutambua.

“Ni wewe. Jana umemtilia mumeo sumu kwenye supu.”

“Hakufa, dada. Subiri Alhamisi.”

“Na mumeo wa kweli, Yeslam, bado anakula kwako?”

“Anakula. Ila siku hizi huniambia nionje kwanza.”

Hukumwaibisha mtu. Mtafsiri akiandika maneno ya ofisini, ulimwuliza kwa adabu kama mama yake husema naye hivyo, naye akabadilisha mwenyewe. Ulimpelekea mahamri Kimani, fundi wako wa sauti, hata siku zile ambazo maradhi yalikuwa yamekukaza kifua. Ndivyo ulivyoimaliza filamu ya mwisho, wiki mbili kabla ya kututoka. Nuria humo ni mama anayemsubiri mwanawe atoke jela.

Kuna jambo hatujakwambia. Siku ya tatu ya matanga, kaka yako Mansur aliwaomba watu wa televisheni wasiionyeshe tena filamu yoyote yenye sauti yako. Alisema maiti hungoja dua, hangoji watazamaji. Hatukumpinga. Alikuogopea, na kuogopea ni kupenda pia. Wakakubali, na nyumba ikanyamaza.

Mwezi uliopita Kimani alikuja kutuamkia. Akasema Nuria anapendwa, filamu ile ya mwisho haiwezi kukaa kabatini daima. Familia ikiendelea kukataa, sauti yako itafutwa, na mwanamke mwingine atayasema maneno yale upya. Alituomba radhi kwa kutuletea habari hiyo.

Mama alikuwa akichambua mchele. Akauweka ungo chini.

“Mansur.”

“Labeka, mama.”

“Uso ule ni wa nani?”

“Wa yule Mhispania.”

“Na maneno?”

“Wameandika wengine.”

“Basi kilicho cha Basma ni sauti, na sauti ile nimeizaa mimi. Mwaka mzima sijaisikia. Sikukwambia kitu kwa sababu wewe ndiwe mkubwa na ndiwe uliyesoma. Lakini ikifutwa, mwanangu nitakuwa nimemzika mara mbili.”

 Mansur alikwenda msikitini kusalisha, akarudi, akaomba siku tatu. Siku ya nne alivaa kanzu safi akaenda mwenyewe kwa watu wa televisheni, akaliondoa ombi lake kwa mkono wake. Aliporudi alimbusu mama kichwani, akasema tu, “Nitamwombea zaidi, inshallah.”

Kwa hiyo, Basma, Jumamosi hii baada ya Alasiri utasikika. Mama ameshachagua pa kukaa. Mwanao Raghad amewaalika majirani, Judy akiwa wa kwanza. Mansur ametuomba tukwambie ukweli: hataingia kutazama. Atakaa barazani na tasbihi yake, na ametutaka tuliache dirisha wazi.

Wanaokukumbuka na kukuombea: mama yako Bi Mwanatatu, mume wako Yeslam, wanao Ihsan na Raghad, ndugu zako Mansur na Ruwaida, pamoja na Kimani na wenzako wote wa studio.

Mola akurehemu. Maadamu tuko hai, hutasahauliwa.