Gunia lenye joto

Jumamosi. Mvua imekatika mchana, lakini nyumba bado ina unyevu na moyo wangu haujatulia.

Asubuhi nilifungua gunia la mahindi tuliloleta kutoka kijijini, kando ya Lufira, nipeleke kidogo kwenye mashine ya kusaga. Nikaingiza mkono. Ndani kulikuwa na joto, kama paji la uso la mtoto mwenye malaria.

Wifi yangu Marthe, anayekaa nasi, naye akatia mkono, akautoa haraka.

"Hakuna makala ya kupikia, hakuna jua. Hii moto inatoka wapi? Ni Mama Odile, alipita hapa juzi. Ile ni bulozi, ametuloga."

Mama Odile ni jirani yetu, mjane. Marthe alitaka kuwaita watu wa maombi. Neno kama hilo likifika kanisani, mjane hana pa kukaa tena.

Nikamweleza ninachowafundisha wanafunzi wangu wa biolojia. Punje ya mahindi iko hai, inapumua. Seli zake huchukua sukari na kuivunja polepole kwa oksijeni ya hewani, zikapata nguvu ya kuishi. Hutoka maji, gesi ya kaboni, na joto. Punje kavu hupumua kidogo sana. Ikilowa, inaamka na kupumua kwa kasi, na katikati ya gunia joto halina pa kutokea.

"Mahindi ilipata maji, Marthe. Njo ile tu, hakuna bulozi."

Nikajiona nimemwokoa Mama Odile. Kisha nikatazama juu. Bati halivuji. Gunia lilikuwa chumbani kwetu, na ufunguo tunao mimi na mume wangu Kasongo tu.

Sikuwa nimelimwagia maji mimi.

Kasongo aliporudi sikumuuliza kitu. Nilikuwa uani nikitandaza mahindi kwenye turubai, yasioze, huku nikimtazama. Alichota kiganja kimoja, akakinusa.

"Ni miye," akasema. "Nilipelekea mama yangu mahindi kidogo, kule Kamatanda. Nikatia maji, gunia ibakie nzito. Nilijua weye utakataa."

Ningekataa kweli. Tangu kiwanda kiache kumlipa, mimi ndiye ninayepima chakula humu ndani, kikombe kwa kikombe.

Marthe, aliyesikia yote kutoka mlangoni, aliingia ndani. Angalau jina la Mama Odile halitatajwa tena.

Kesho baada ya ibada nitaenda kumsalimu mama mkwe. Sijui kama nitaweza kukaa kwake bila kutafuta kwa macho kama kweli yale mahindi yako pale.