Milango ya Chumba cha Upasuaji

3 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima, nipe habari za goti lako, na usinijibu "nzuri tu" kama kawaida yako.

Nimepewa kazi ya kupanga ratiba ya jengo jipya la wazazi hospitalini. Lazima likabidhiwe tarehe thelathini Septemba, maana la zamani lina nyufa na linafungwa siku hiyohiyo. Tukichelewa, akina mama hawana pa kujifungulia.

Nimeandika kila kazi, siku zake, na inasubiri kazi gani. Kisha nikatafuta mnyororo mrefu kuliko yote wa kazi zinazosubiriana, kwa kuwa huo ndio unaoamua siku ya mwisho. Haupiti kwenye kuta, Mjomba. Unapita kwenye milango ya chumba cha upasuaji: kuagizwa, kuundwa, kusafirishwa, kufungwa, halafu kupima kama hewa ya nje haipenyi. Siku moja ikipotea hapo, jengo zima limechelewa siku moja. Kuta zina siku ishirini na moja za akiba, yaani zinaweza kuchelewa hizo zote bila kulichelewesha jengo.

Msimamizi wa ujenzi hajaagiza milango. Anawakimbiza waashi tu. Nilipomwambia, alinicheka mbele ya watu: "Tangu lini mlango ukautangulia ukuta?" Nifanyeje?

Mpwa wako

11 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Goti linalalamika nikipanda ngazi, basi sipandi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Katika miaka yangu arobaini ya uashi, niliwahi kusimamia shule ikachelewa miezi miwili. Niliwafokea wapiga lipu kutwa, kumbe tulichokuwa tunasubiri ni mbao za paa. Wewe umeyaona hayo kwenye karatasi kabla hayajatokea. Nimeona fahari, nikaona na haya kidogo.

Usibishane naye, mkubwa akibishiwa mbele za watu huwa jiwe. Mkute peke yake. Mwambie apunguze, kwenye karatasi tu, siku kumi za kazi yoyote aitakayo, nawe piga hesabu mbele yake.

Mjomba wako

2 Mei

Mjomba, shikamoo,

Goti likoje? Sisi salama, ila tope tupu.

Nilifanya ulivyosema. Alipunguza siku kumi kwenye kuta: siku ya mwisho haikusogea. Akapunguza lipu: palepale. Akagusa milango, hesabu ikaonyesha tutamaliza mapema siku kumi. Alichukua simu, akaagiza milango nikiwa bado nimesimama.

Mwezi uliopita mvua ilikula siku kumi na moja za kuta. Akanijia jasho likimtoka. Nikamwambia, "Kaa, bosi, kunywa chai. Bado zimebaki kumi." Akakaa kweli.

Mpwa wako

4 Oktoba

Mpwa wangu,

Hujambo? Mimi mzima. Siku ya makabidhiano nilikuja bila kukuarifu. Ulikuwa unawazungusha wakaguzi, na gari langu la kurudi lilikuwa linaondoka saa tisa, ndiyo maana hukuniona.

Niliona mama mwenye tumbo kubwa akiletwa kwa kiti cha magurudumu kutoka jengo la zamani. Ile milango ikafunguka, ikajifunga nyuma yake bila kelele.

Kando yangu alisimama mwanamume mwenye kofia ya ujenzi. Nikamuuliza nani aliyeipanga kazi hii ikaisha kwa wakati. Akanionyesha wewe kwa kidole. "Yule binti," akasema. "Nilimcheka mbele ya watu. Nimeshamwomba radhi mbele ya walewale." Kisha akaanza kunifundisha habari za mnyororo, akiuchora ukutani kwa kidole, kazi baada ya kazi.

Sikumwambia kuwa mimi ni mjomba wako. Nilitaka aendelee.

Mjomba wako