Kamba ya Tatu

Temeke,
Dar es Salaam.
20 Agosti 1974

Mpendwa mdogo wangu Albano,

Hujambo wewe na watu wako wote wa Newala? Kikohozi cha mama kimepoa? Sie hapa wazima. Shemeji yako Yuliana kanenepa, na watoto wanakula kwelikweli.

Barua yako nimeipata. Hii ni mara ya tatu unaomba tezo la baba, sasa kwa ajili ya kikundi chenu cha wachongaji kijijini. Mara zote nimekujibu kwamba nalitunza kwa heshima ya marehemu. Ngoja nikusimulie yaliyonipata.

Jirani yetu Mzee Jamnadas, Mhindi mshona nguo, aliniagiza kiti kidogo cha mpingo cha kumkalisha Krishna, mungu wake, siku ya sikukuu ya kuzaliwa kwake. Nikakichonga vizuri, kisha nikakipaka dawa ya viatu, kama tunavyong'arisha vinyago vyote. Mzee akakinusa, akakiweka chini. Ndugu yangu, wenzetu wale viatu huviacha nje ya mlango wa Mungu!

Niliona aibu, na aibu ikageuka hasira. Yeye akachukua msasa, akakaa barazani siku mbili akikisugua mwenyewe, huku akiimba jina la Krishna, uso mkunjufu. Nikamuuliza kama hakasiriki.

Akaniambia mtu amefungwa kamba tatu: ya giza na uvivu, ya tamaa na pilikapilika, na ya wema. Nikashangaa.

"Wema nao kamba, mzee?"

"Tena ya dhahabu, fundi. Mtu akinogewa na wema wake, hafunguki. Mie sizikati kwa nguvu. Nampenda Krishna tu, simwombi kitu, zinalegea zenyewe."

Padre asisikie, lakini maneno yale yameniingia. Tezo lile sikulitunza kwa heshima ya baba. Linaning'inia ukutani, kazi nafanya kwa jingine. Nilipenda wageni waniite mwana mwema, na wewe uonekane mwenye tamaa. Nisamehe sana.

Leodegar, mpwa wa Yuliana, anakuja huko Jumatatu. Nimempa tezo akuletee. Nimelinoa jana, na moyo wangu umetulia tangu hapo.

Mpe mama shikamoo yangu, na dada Sesilia umsalimie sana. Mungu aibariki mikono yenu nyote mtakaolishika.

Ila nakuomba usiniandikie asante. Nikiisoma tu, nitaanza tena kujiona mwema.

Wako akupendaye siku zote,
kaka yako Anselmo